Tumbo au Mfupa? Mtihani wa Mwanafunzi wa Udaktari Huko Meru na Embu

Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilikosa njia penye daraja la mto Nithi, likang'oa kizuizi na kutumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki dunia. Habari hiyo ilitufikia upesi huku kwetu pwani, kwani basi lilikuwa linakuja kwetu. Na barabara ile ya Meru, Chuka na Embu tunaijua kuliko tunavyodhani: ndiyo inayotuletea miraa kila siku ya Mungu, na viazi, na watoto wetu wanaosoma huko wanaporudi likizo.

Sikuileta habari hii ili kuwatonesha wafiwa vidonda vyao. Nimeitaja kwa ajili ya swali moja ambalo msafiri halifikirii mpaka limfike. Tuchukue majeruhi wa ajali ya namna hiyo; si fulani bin fulani, ni mtu wa mfano tu. Tumbo lake limegonga chuma cha kiti cha mbele na bandama imepasuka; damu inavuja ndani wala nje haionekani. Paja la kulia limevunjika na mguu umepinda. Analetwa hospitali iliyo karibu saa nne za usiku. Je, huyu ni mgonjwa wa nani? Wa mpasuaji wa tumbo au wa mpasuaji wa mifupa?

Asiyejua atautazama mguu, maana mguu ndio unaotisha macho. Lakini mwenye ujuzi huanza na pumzi, kisha damu. Paja lililovunjika peke yake laweza kumwaga damu lita moja na zaidi ndani ya nyama, na hilo si jambo dogo. Ila bandama iliyopasuka haina nyama ya kuibana, nayo huweza kummaliza mtu kabla ya adhana ya alfajiri. Basi mpasuaji wa tumbo hutangulia. Hufungua, huikamata ile bandama, huitoa au huishona, kisha hufunga. Mpasuaji wa mifupa katika saa hiyo huunyosha mguu tu, akautia banzi, akangoja zamu yake. Kazi yake hasa huanza wakati mwenzake anapokwenda kujinyoosha kitandani, na huendelea kwa miezi.

Mmoja hutangulia, mwingine hubaki. Nadhani katika maneno hayo ndimo lilimo jambo zima ambalo mwanafunzi wa udaktari anapaswa kulipima anapoambiwa achague. Lakini kwa kawaida hupimiwa mambo mengine: mshahara, heshima, jina la kuitwa harusini.

Kwanza tueleze njia yenyewe ilivyo ndefu, kwa faida ya wazazi wanaodhani mtoto akivaa koti jeupe amekwisha kufika. Mwanafunzi wa udaktari katika Kenya husoma miaka sita. Kisha hutumikia mwaka mmoja hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake, akizungushwa wodi kwa wodi: magonjwa ya ndani, watoto, uzazi na upasuaji. Mwaka huo nao siku hizi haupatikani kirahisi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza mwezi Machi na kumalizika Mei, kiini chake kimoja kilikuwa ni hao madaktari wa mazoezi, nafasi zao na posho yao. Akishatoka hapo ndipo akitaka upasuaji husoma tena kama miaka mitano. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: aliyeingia chuo na miaka 19 hutoka na 31, ikiwa hakukawia popote, na wasiokawia ni wachache. Wenziwe aliocheza nao gololi huwa wameshaoza watoto.

Zamani uchaguzi huu haukuwapo. Hospitali ya Chogoria, iliyo mteremkoni mwa Mlima Kenya kati ya Embu na Meru, ilianzishwa mwaka 1922 na Dakta Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti. Daktari wa zama zile akiwa peke yake msituni hakuwa na nafasi ya kusema mimi ni wa tumbo, wewe nenda kwa wa mifupa. Huyo wa mifupa yuko wapi? Mikono miwili ile ile ilizalisha, ikang'oa jino, ikaunga mguu na kupasua usaha. Wala Kenya haikuwa na chuo cha kufundishia madaktari wake hadi mwaka 1967 kitivo cha udaktari kilipofunguliwa Nairobi; kabla ya hapo vijana wetu walifuata elimu hiyo Makerere, Uganda. Leo mambo ni mengine kabisa. Mjini Meru kwenyewe kuna chuo kikuu cha Kimethodisti chenye kitivo cha udaktari, na Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili ya upasuaji wa jumla mbali na ya upasuaji wa mifupa. Tena tangu mwaka 1999 kuna chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake ni Arusha na mwanachuo wake hufundishwa papo hapo hospitalini anapofanya kazi. Milango imekuwa mingi, na penye milango mingi ndipo mtu husimama uani akashindwa kuingia.

Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni tunayo hadithi ya zamani zaidi ya hiyo. Katika Andalusi, karibu na Kurtuba, aliishi tabibu Abul Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina makala thelathini, na ya mwisho ni ya upasuaji, iliyochorwa vyombo vya kazi kama mia mbili hivi: visu, makulabu, misumeno, koleo. Kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya kumi na mbili, na Wazungu wakakisoma kwa mamia ya miaka. Hayo wengi wanayajua na hupenda kuyataja kwa kujigamba. Lisilotajwa ni mpangilio wa makala hiyo ya thelathini. Ina milango mitatu: wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua na kutoa, na wa tatu ni wa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Kwa Az-Zahrawi tumbo na mfupa vilikuwa milango miwili ya nyumba moja, na aliwaita wanafunzi wake "wanangu" alipokuwa akiwaingiza kote kuwili. Ila aliwaonya kwa ukali juu ya watu wanaoshika kisu bila kujua maumbile ya mwili. Asimulia tabibu mjinga aliyepasua uvimbe wa shingoni mwa mwanamke mmoja, akaukata mshipa mkubwa wa damu, na mwanamke akafia mikononi mwake.

Ama mimi mshairi naelewa vizuri mambo ya milango miwili. Mtunzi wa shairi la beti tano humaliza kwa usiku mmoja. Mtunzi wa utenzi hukaa nao mwaka. Lugha ni moja na mizani ni mizani, lakini moyo wa kazi si mmoja. Nimewaona malenga hodari wa shairi waliojitia kwenye utenzi wakachoka ubeti wa arobaini. Basi turudi kwa wapasuaji.

Upasuaji wa jumla ni jina la kudanganya. "Jumla" mtu hudhani ni kila kitu, au ni kile kilichobaki baada ya mabingwa kugawana. Katika hospitali za Meru na Embu mpasuaji wa jumla huamshwa kwa kidole tumbo kilichooza, kwa matumbo yaliyojisokota, kwa ngiri iliyonasa ikakataa kurudi, kwa mtu aliyepigwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mchana hukata marovu ya shingo, hutoa mawe ya nyongo, hupima uvimbe wa matiti. Na kuna saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa Afrika tangu Ethiopia hadi Afrika ya Kusini ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazoonewa zaidi na ugonjwa huo, na Kenya imo ndani yake. Mgonjwa huja akisema nyama haipiti. Akichelewa kidogo ugali haupiti. Mwisho hata uji na maji hurudi. Akifika saa hiyo, kisu cha mpasuaji hakina la kufanya ila kumfungulia njia ya kumeza na kumpunguzia tabu.

Sifa ya kazi hii ni kwamba vyombo vyake si vingi. Mpe mpasuaji wa jumla kisu kikali, uzi, damu ya kuongeza, taa isiyozimika na mtaalamu wa nusukaputi anayeijua kazi yake, atakuokolea watu wengi hata katika hospitali ndogo. (Huyo mtaalamu wa nusukaputi hakuna mtu anayemtungia kasida, na bila yeye wapasuaji wote wawili ni wachinjaji.) Matokeo nayo huonekana upesi. Baada ya siku chache mgonjwa amekwenda zake, au amezikwa.

Mpasuaji wa mifupa ni seremala, na wenyewe hawachukii kuambiwa hivyo. Chumba chake kina msumeno, nyundo, patasi, keekee, parafujo na sahani za chuma cha pua. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa kiume humkimbilia: kelele za keekee zinapendeza, na picha ya eksirei huonyesha kazi yako ilivyo nyoofu, ukaitazama kama fundi anavyotazama mlango aliouchonga. Lakini ukikaa katika wodi za Meru utaona kwamba wagonjwa wa mifupa wana asili mbili kubwa, na zote mbili zinatugusa sisi watu wa pwani.

Asili ya kwanza ni magurudumu. Pikipiki za bodaboda zimeingia kila kijiji, na njia za milimani zina kona na mito mingi inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Magari yanayokimbiza miraa nayo mwendo wake unajulikana, kwa kuwa miraa ya jana haina bei. Kila tunapogomba barazani kwamba mzigo umechelewa, kuna dereva anayekanyaga mafuta Igembe.

Ya pili ni mti wenyewe. Miraa ya Igembe na Tigania si kichaka kama wengi wa wanaoitafuna wanavyodhani. Kuna miti mikongwe ya miaka mingi, na vitawi vinavyotakiwa viko juu. Wanaopanda ni vijana, kwa kuwa ni wepesi na tawi haliwakatai. Mvua ikinyesha gome huteleza. Huku kwetu tuna mkwezi na mgema, kwa hiyo hatuna haja ya kuelezwa namna mtu anavyoanguka kutoka juu. Lakini hili huenda hulijui: aangukaye kwa miguu huvunja kisigino, na ule mshindo hupanda kwenye goti na nyonga hata ukafika uti wa mgongo. Kwa hiyo daktari mwangalifu akiona kisigino kimevunjika huupima na mgongo, hata kama mgonjwa analia kisigino tu. Kijana wa miaka 17 aliyevunjika uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi, ni mgonjwa wa maisha. Hapo mpasuaji wa mifupa hajui siku ya kumwaga mgonjwa wake.

Na paja lililovunjika, kama lile la msafiri wetu wa mfano? Penye upungufu wa vyombo dawa yake ni ya kale. Mgonjwa hulazwa chali, chuma kikapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa, ikapita katika kapi mwishoni mwa kitanda kama kapi ya jahazi, na uzito ukaning'inizwa ili mguu uvutwe ukae sawa. Atalala hivyo wiki sita, wiki nane, hata kumi na mbili. Mfupa huunga, hilo si shaka. Lakini katika wiki kumi na mbili mwenye bodaboda amenyang'anywa pikipiki ya mkopo, mwenye shamba amepitwa na mvua za vuli, watoto wamerudishwa kutoka shule kwa karo, na mgongo wake mwenyewe umetoka vidonda vya kitanda. Akipatiwa msumari wa chuma unaopita ndani ya mfupa, husimama kwa magongo baada ya siku chache tu. Mwaka 1999 daktari mmoja wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika liitwalo SIGN kwa ajili ya jambo hilo hilo: msumari ambao mpasuaji anaweza kuutia na kuufunga parafujo bila ile mashine ya eksirei ya kutazamia mfupa wakati wa kupasua, mashine ambayo hospitali nyingi za nchi maskini hazina.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kufungua macho. Akichagua mifupa, amechagua pia kutegemea ghala. Ujuzi wake wote wa miaka kumi na mbili waweza kukaa bure wiki nzima kwa kukosekana msumari wa kimo fulani. Nimeelezwa habari za wodi moja, ambayo siitaji, ambamo daktari wa mifupa aliyesomea misumari alirudi kwenye kamba na kapi kama babu zake kwa kuwa stoo ilikuwa tupu. Mpasuaji wa tumbo huweza kuudhika na stoo. Wa mifupa stoo humvunja moyo.

Kuna jozi moja ya watu ambayo kila mwanafunzi wa upasuaji katika Afrika ya Mashariki angefaa kuisoma kabla ya kuchagua. Wote wawili walikuwa Mulago, Kampala, katika miaka ya 1960, na mikononi mwa watu kama hao ndiko walikofunzwa madaktari wa Kenya wa rika la kwanza. Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mpasuaji wa jumla, na alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Wapasuaji wengine wangekata uvimbe wakasonga mbele. Yeye aliuliza mbona watoto hawa wanafanana, akaandika mwaka 1958, na mwaka 1961 akapanda gari na wenziwe wawili wakaenda safari ya maili elfu kumi hivi, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa huo uko wapi na hauko wapi. Wakagundua kwamba unafuata joto, mvua na kimo cha nchi. Mwisho ikaonekana kwamba uvimbe ule dawa huuyeyusha vizuri kuliko kisu. Mpasuaji aliyepata jina kubwa kuliko wote hapa kwetu alilipata kwa ugonjwa ambao kisu hakiuwezi.

Mwenziwe ni Ronald Huckstep, Mwingereza, mpasuaji wa mifupa. Yeye hakufuata ugonjwa wa ajabu. Alifuata ulio wa kila mlango, kupooza kwa watoto. Maelfu walikuwa wakitambaa kwa mikono. Vyuma vya miguu vya kuagiza Ulaya vilikuwa ghali, basi akavifanya vitengenezwe papo hapo kwa vifaa vya kupatikana, kwa bei ambayo maskini aweza kuikaribia, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya ugonjwa huo kwa ajili ya nchi kama zetu. Watoto waliotambaa wakasimama. Hakuna aliyeuita ugonjwa wowote kwa jina lake kwa kazi hiyo ya vyuma na magongo. Mimi nikipewa nafasi ya kuketi na mmoja wa hao wawili nitamchagua Huckstep, lakini haya ni mapenzi yangu tu, na wenye elimu ya dawa watanikosoa.

Nilizungumza na binti mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa udaktari huko Meru, ambaye yuko ukingoni mwa uchaguzi huu. Jina lake analijua yeye na wazee wake. Nilimwuliza ataelekea wapi, akasema mifupa. Nikashangaa, nami sikuuficha mshangao wangu. Nikamwambia, mwanangu, huku kwetu mama zetu hupata uvimbe wa titi wakauficha chini ya buibui kwa kuona haya, mpaka ukatoka kidonda na harufu. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya kuliko saratani nyingine zote. Sheria haikatazi mwanamke kutibiwa na mwanamume panapokuwa na dharura, na masheikh wetu wamelisema hilo wazi, lakini haya haingoji fatwa. Mwanamke mwenzao akikaa pale, mpasuaji mwenye kujua, watakuja mapema. Na kazi ya matiti ni ya mpasuaji wa jumla. Basi si ndiyo kazi yako hiyo?

Alinyamaza, kisha akasema: "Ami, kweli kabisa. Lakini kila mtu akinishauri kwa kuwa mimi ni mwanamke, nani atanishauri kwa kazi ninayoijua?" Akaniuliza kama nimemsahau Bi Rufaida, yule Answari wa Madina, ambaye hema lake lilipokea majeruhi wakati wa vita vya Khandaki, na Saad bin Muadh akalazwa humo akiwa na jeraha la mshale mkononi. Nikasema sikumsahau. "Basi Saad alikuwa mwanamume, Ami, na jeraha lake lilikuwa la mkono."

Nilikosa la kujibu, nikarukia jambo la nguvu: kwamba kuvuta paja lililopinda kunataka kifua cha mchukuzi wa bandarini. Akacheka. Akasema mfupa hauvutwi kwa kifua, huvutwa kwa kujua pa kushika na kwa mgonjwa kulegezwa vyema kwa nusukaputi. Na kwamba wanafunzi wenye nguvu ndio wanaomaliza nguvu zao kabla ya mfupa kurudi.

Kisha akanieleza kilichomvuta. Si keekee wala parafujo. Alipokuwa akizungushwa wodi aliona wagonjwa wa tumbo wanavyopita: huja wakilia, hupasuliwa, huenda. "Akipona hunisahau, na ni haki yake asahau." Wa mfupa yeye humkuta leo, na kesho, na wiki ijayo; humjua mkewe kwa jina; humwona siku ya kwanza anaposhika magongo na uso ukamjaa jasho kwa hatua tatu. Alisema anapenda kuwapo katika hizo hatua tatu. Huyu ni mtu wa utenzi, nikajisemea.

Mimi bado naona mama zetu wana haki juu yake, na nilimwambia hivyo kabla hatujaagana. Haki hiyo lakini haiwezi kulipwa na binti mmoja, wala si uungwana kumtwika yeye peke yake deni ambalo mji mzima umeshindwa kulipa. Kama tungepeleka wasichana kumi, huyu mmoja tungemwachia mifupa yake bila kugomba.

Jambo la mwisho ni la majimbo, neno ambalo kwetu pwani lina historia yake. Marehemu Ronald Ngala na KADU walilipigania, katiba ya mwaka 1963 ikalikubali, na mwisho wa mwaka 1964 likafutwa. Ni katika ugawaji ule wa majimbo Meru na Embu zilipotolewa Mkoa wa Kati zikatiwa Mashariki, na mji wa Embu ukawa makao ya Mashariki yote. Tangu mwaka 2013, kwa katiba ya mwaka 2010, hospitali hizi ziko mikononi mwa kaunti: Embu, Tharaka-Nithi, Meru, kama vile za kwetu zilivyo mikononi mwa Mombasa, Kilifi, Lamu na nyinginezo. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba anayeamua kama kutakuwa na misumari ya mapaja si Nairobi tena. Kaunti moja yaweza kununua, ya jirani isinunue, na daktari yule yule akawa bingwa upande huu wa mto na fundi asiye na vyombo upande wa pili.

Binti yetu analijua hilo vizuri. Kabla ya kuchagua chochote ataingia mwaka wake wa mazoezi, na katika miezi yake ya upasuaji atashika tumbo na mfupa vyote viwili, apende asipende. Swali aliloniuliza mlangoni lilikuwa kama hospitali ya kwetu ina mashine ya eksirei ya kutazamia mfupa chumbani mwa upasuaji, na misumari ya kimo gani iko stoo. Nikamwambia hayo si ya kumwuliza ami yake, ni ya kuiuliza kaunti. Akasema barua ameshaipeleka, wiki ya tatu sasa.